Mashimo Yaliyoipa Mvua Mgongo

Kila asubuhi, kabla hajaonja chai, Mjomba Komora alitoka nje na kikombe cha maji akayamwaga mbele ya mlango. Hakuwa akimwagilia maua, maana hatuna maua. Aliyamwaga, akachuchumaa, akayatazama yanavyotambaa mchangani hadi yakakauka. Kisha aliinuka, akapangusa magoti, akarudi ndani na uso wa mtu aliyeuliza swali akajibiwa vile vile kama jana.

Mkewe, Anti Susan, ndiye aliyeyabeba hayo maji kutoka kioskini, kwa hiyo alikuwa na haki ya kusema.

"Umeshapima, injinia?"

"Nimeshapima."

"Na leo yameenda wapi?"

"Kule kule."

"Basi njoo unywe chai, kabla nayo haijaenda kule kule."

Nimeishi nao hapa Garsen tangu nilipoacha shule nikiwa darasa la sita, na kwa muda mrefu nilidhani ni uzee tu, ingawa Mjomba hana hata miaka sitini. Ni mtu wa kijiji cha Wema, Mpokomo aliyezaliwa mto ukisikika. Mwembamba, suruali kaifunga kwa kamba, maneno yake kwa siku nzima ungeweza kuyatia mfukoni na bado ukapata nafasi ya funguo. Baada ya chai alichukua jembe na sururu, akavuka barabara kuu, akashika njia ya nyikani upande wa machweo. Shamba letu liko upande wa pili, mtoni, na huko alikwenda alasiri. Ukimuuliza asubuhi yote anakwenda wapi, alijibu, "Kazini." Hakuna aliyemwajiri.

Garsen ni mji unaojua mambo ya kila mtu, kwa hiyo ulikuwa na majibu matatu: Mjomba anatafuta dhahabu, Mjomba ana mke wa pili, Mjomba amerukwa na akili. Lile la mke wa pili lilikufa mapema, watu walipomtazama vizuri.

Halafu mwaka jana tukapata bahati ya kugunduliwa.

Aliyetugundua ni Daktari Abdulbasit, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Nairobi. Alikuwa hajawahi kukanyaga Tana River, lakini alikuwa ametutazama sana kutoka juu, na inaonekana huko ndiko tunakoeleweka vizuri. Setilaiti ilipita ikapiga picha, picha ikaingia kwenye kompyuta yake, na humo, katika nyika isiyo na hata mti wa kujificha nyuma yake, akaona mashimo. Si ya panya. Ni makubwa, kila moja upana wa hatua kumi, umbo la nusu mwezi, yamepangwa safu kwa safu, mia nne na kumi na mawili. Karibu yote yametazama macheo.

Akaja na gari refu na msaidizi wake, Stacy, msichana wa Nairobi aliyekuwa akirusha kindege chenye kamera. Walifikia kwa Miraji, mwenye nyumba ya wageni. Miraji ni mwenyekiti. Usiniulize wa nini. Kamati ikianzishwa asubuhi, adhuhuri inamkuta yeye ndiye mwenyekiti wake. Alimwajiri Anti Susan awapikie wageni, nami nikawa nabeba sahani.

Jioni ya kwanza Daktari aliweka kompyuta juu ya meza uani, watu wakajaa nyuma ya mgongo wake.

"Tazameni wenyewe," akasema. "Tukithibitisha kwamba ni ya kale, patawekwa uzio, watalii watakuja, na vijana wenu watapata ajira. Sasa niambieni. Nani anajua haya ni nini?"

Hapa sina budi kueleza jambo. Kati ya watu thelathini waliokuwa wameinamia ile kompyuta, nusu nzima walikuwa wameyachimba hayo mashimo kwa mikono yao. Wakati wa ukame wa 2011 shirika moja lilileta kazi kwa chakula: uchimbe, upewe mahindi, maharage na mafuta. Mashimo yangeyadaka maji ya mvua, majani yaote, ng'ombe wale. Watu sitini walichimba miezi mitatu, sita kwa shimo moja, siku mbili kwa kila shimo, na msimamizi wao alikuwa Mjomba Komora. Mvua ikaja, majani hayakuota, shirika likafunga mizigo, watu wakamaliza mahindi yao na kusahau. Hilo kila mtu analijua.

Lakini Daktari alikuwa ametaja ajira kwanza, swali akaliweka baadaye.

Wa kwanza kushangaa alikuwa Mama Kadii, jirani yetu, ambaye hadi leo ana kovu kwenye muundi alilopata kwa sururu ya kazi hiyo hiyo. Akashika kifua. "Mungu wangu! Watu wa zamani walikuwa na nguvu!"

"Labda ni Wareno," mtu mmoja akasema.

"Wareno wachimbe nyikani wanatafuta nini, samaki papa?"

"Ni majitu," akasema Miraji kwa sauti ya mwenyekiti. "Marehemu babu yangu alikuwa akitusimulia habari za majitu yaliyoishi huko."

Babu yake Miraji alikuwa akiuza samaki Kipini, na ninavyosikia, hakuwahi kumsimulia mtu chochote isipokuwa bei.

Daktari aliandika majitu. Kisha akasogeza picha karibu. "Yanaelekea jua linakochomoza, kwa hiyo tunaweza kusema hawa walikuwa waabudu jua. Lakini tazameni hapa. Thelathini na tisa yamegeuka, yanaangalia machweo. Na ndani yake kuna rangi ya kijani. Haya ndiyo yanayoninyima usingizi. Ni kalenda? Ni makaburi ya wafalme?"

Mjomba alikuwa amesimama karibu na jiko, kaja kumchukua mkewe.

"Hayo thelathini na tisa ni yangu," akasema, bila kupaza sauti. "Na mengine pia."

Miraji akakohoa kikohozi kirefu kisichokuwa na mafua ndani yake, akaagiza soda kwa watu wote.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani Anti Susan akamkabili. "Mashimo mnayachimba watu sitini, wewe unasema ni yako. Yako kivipi?"

Mjomba akatoa maneno ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja.

Injinia wa lile shirika alimfundisha siku moja tu, akamwachia mchoro. Kwenye karatasi palikuwa na nusu mwezi, na mshale unaoonyesha maji yanakuja kutoka wapi, na mdomo wa shimo umefunguka kuyapokea. Mjomba akasimama katikati ya nyika na ile karatasi, akaizungusha, akaizungusha, mpaka mshale ukatokea mtoni. Kwa mtu wa Wema maji yatoke wapi tena? Baba yake alilima kwa mafuriko, na babu yake vile vile. Mto unajaa, unatoka wenyewe kuja shambani, unarudi, nawe unapanda nyuma yake. Mvua ni kelele za juu ya paa. Maji ni mto.

Basi watu sitini wakachimba mashimo mia nne na kumi na mawili yaliyoukodolea mto macho, saa mbili na nusu kwa miguu kutoka mtoni, yakiungoja uje. Na mvua iliponyesha, maji yakateremka kutoka upande wa juu, upande wa machweo, yakakutana na migongo ya matuta ya udongo uliochimbuliwa, yakazunguka pembeni, yakaenda zake mtoni.

"Injinia aliporudi alicheka mpaka akavua miwani," Mjomba akasema. "Akaniambia, mzee, umeipa mvua mgongo. Akaingia garini. Sikumwona tena."

"Na watu uliwaambia nini?"

"Niliwaambia mvua ilikuwa kidogo. Mama Kadii aliugua kiuno mwaka mzima. Nikaenda kumtazama, nikakaa kitandani kwake, nikamwambia mvua ilikuwa kidogo."

Kumbe kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kwa miaka mitatu alikuwa akiyageuza, moja moja, peke yake. Anafukia, anachimba upya, mdomo anauelekeza juu. Ardhi ile ikikauka ni kama tofali, kwa hiyo shimo moja lilimchukua karibu mwezi. Na kikombe cha kila asubuhi kilikuwa cha kuhakikisha kwamba nchi bado imeinamia mtoni. Alishakosea mara moja, hakutaka kuikuta imebadilisha mawazo.

Anti Susan alikuwa amesimama njiani. "Na mimi mkeo hukuniambia."

"Ungecheka."

"Ningecheka," akakubali. "Ningecheka sana. Halafu ningekuja na jembe."

Usiku ule nilipiga hesabu kichwani. Yalibaki mia tatu na sabini na matatu. Kwa mwendo wake angemaliza akiwa na miaka themanini na kitu. Sikumwambia, na nadhani alikuwa anajua.

Kesho yake nilipanda gari la wageni nikiwa na chakula chao, tukaenda nyikani. Mjomba tulimkuta ndani ya shimo la arobaini, amelifukia nusu. Daktari aliruka kabla gari halijasimama.

"Mzee! Weka jembe chini! Usiguse!"

Mjomba akaliweka. Anawaheshimu sana watu waliosoma, na ndiyo yaliyomfikisha hapo.

"Unafanya nini kwenye urithi wa taifa?"

"Naligeuza."

"Unaligeuza kwa nini?"

"Limeangalia vibaya."

"Nani alikufundisha kuyageuza? Baba? Wazee?"

"Hakuna. Niliyachimba mimi, sasa nayarekebisha."

"Wewe na nani?"

"Mimi na watu sitini."

Daktari akaandika sana. Nilipompelekea maji nikaona daftari: *Mlinzi wa jadi. Anaamini aliyachimba yeye mwenyewe. Ibada ya kugeuza. Sitini: idadi takatifu?* Mtu anakwambia ukweli mtupu, nawe unautilia alama ya kuuliza. Hiyo kazi inataka elimu.

Stacy alikuwa ameegemea gari, anatelezesha kidole kwenye simu. "Daktari, hebu cheki hii. Hii ni picha ya mahali hapa hapa, mwaka wa 2010. Hakuna kitu. Ni tupu kabisa."

Daktari aliitazama kwa muda wa kupepesa macho mara mbili. "Mchanga ulikuwa umeyafunika."

"Yote? Mia nne?"

"Stacy, wewe rusha ndege."

Stacy akanitazama, nami nikatazama sufuria.

Mjomba alimchukua Daktari hadi kwenye mashimo aliyokwisha kuyageuza. Humo majani yalikuwa yamefika magotini, na kando yake kulikuwa na mavi mabichi ya ng'ombe wa Omar, mchungaji wa Kiorma, mtu pekee duniani aliyekuwa amefaidi kazi hiyo. Katika yale mengine mlikuwa na vumbi. Mtoto mdogo angeelewa. Daktari aling'oa majani kidogo, akayatia kwenye mfuko wa plastiki ili yakapimwe umri.

"Kuanzia leo hakuna kugusa, mzee. Kila shimo libaki lilivyo mpaka uzio ukamilike, na baada ya hapo milele."

"Na masika?"

"Masika imefanya nini?"

"Inakuja mwezi ujao. Itayakuta yameangalia vibaya."

"Masika imekuja kila mwaka na mashimo yapo tu."

"Ndiyo," Mjomba akasema. "Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Alhamisi iliyofuata Miraji aliitisha baraza. Hema lilifungwa, viti vya plastiki vikapangwa, mbuzi wawili wakaingia kwenye pilau ya Anti Susan. Daktari alisimama akatueleza sisi ni nani. Tulikuwa, kumbe, watu wakubwa sana. Tulipima jua. Tulizika wafalme. Niliwatazama wenzangu wakikaa wima kidogo kidogo, na sitawalaumu, maana si kila siku mtu anatoka Nairobi kuja kukusifu bila kuomba kura.

Kisha Miraji akataja kazi. Walinzi wanane, mmoja akiwa kijana wa Mama Kadii. "Na mlinzi mkuu," akasema, akiinua koti la kung'aa lililokuwa bado ndani ya nailoni, "ni mzee wetu Komora, ambaye ameyatunza kwa mapenzi yake miaka yote hii! Kazi yake ni moja: kuhakikisha hakuna mtu anayeyagusa!"

Makofi yakapigwa. Mjomba akaenda mbele, akapokea koti kwa mikono miwili, na badala ya kurudi kuketi akabaki pale pale. Akatugeukia.

"Mashimo haya hayana ukale," akasema. "Mliyachimba nyinyi. Mimi niliwasimamia. Niliwaambia mvua ilikuwa kidogo. Haikuwa kidogo. Ilikuwa nyingi. Niliishika karatasi kinyume. Nilielekeza midomo mtoni, na maji yanatoka juu. Mlichimba miezi mitatu jua la utosi kwa kosa langu." Akapumua. "Naomba radhi. Na naomba jambo moja tu. Msiweke uzio. Mniache nimalize kuyageuza. Anayetaka kunisaidia aje, asiyetaka simlaumu."

Hata masufuria nadhani yaliacha kuchemka. Nilikuwa sijawahi kumsikia Mjomba akisema maneno mengi namna ile mbele ya watu, na sura za waliomsikiliza zilikuwa zinabadilika moja baada ya nyingine, kila mtu anahesabu kitu chake: siku zake, malengelenge yake, kiuno chake.

"Ati tulichimba bure?" mzee mmoja wa nyuma akauliza polepole.

"Bure," Mjomba akasema.

Hapo ndipo alipolipoteza baraza. Mpaka lile swali walikuwa naye, naapa. Lakini fikiria mwenyewe. Upande mmoja kuna wafalme, jua na kazi ya ulinzi. Upande wa pili kuna wewe, mwaka wa njaa, unachimba shimo lililoangalia vibaya. Utachagua babu yupi?

"Jua limempiga huyu," mtu akasema, wengine wakacheka kwa nafuu.

"Hii ni simulizi muhimu sana," Daktari akanong'ona. "Stacy, unarekodi?"

"Narekodi," Stacy akasema. "Lakini Daktari, si huyu mzee anakuambia ile kitu picha ilisema?"

Daktari akafungua ukurasa mpya wa daftari.

Anti Susan alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mume wangu hasemi uongo! Hana akili ya kusema uongo. Nimekaa naye miaka thelathini, ningekuwa nimeshauona."

"Mama, rudi kwenye pilau," Miraji akamwambia, kisha akageukia watu, mpole kama daktari wa meno. "Tusibishane, jamani. Hapa ni haki tupu. Kama kuna mtu yeyote aliyechimba mashimo haya, ainue mkono."

Mjomba akawatazama. Alikuwa anawajua wote kwa majina na kwa vikundi vyao vya watu sita sita, nani alikuwa na nani, nani alishika sururu na nani alishika beleshi. Macho yake yalikwenda safu kwa safu mpaka yakafika kwa Mama Kadii.

"Kadii," akasema.

Mama Kadii aliivuta leso yake ikafunika miguu. "Mimi sikumbuki vizuri, Komora," akasema. "Mwaka ule nilikuwa mgonjwa wa kiuno."

Mkono haukuinuka hata mmoja. Daktari aliandika kitu. Mjomba alilitazama lile koti kana kwamba sasa tu ndiyo ameona amelishika, akalikunja vizuri ndani ya nailoni yake, akaliweka juu ya meza mbele ya Miraji. Akatoka katikati ya viti, hakumkanyaga mtu. Alipompita Anti Susan, akamgusa begani.

"Unakwenda wapi?"

"Natoka."

"Chakula kinakaribia, Komora."

"Wape watu."

Nje ya hema alisimama kidogo, akafunga upya kamba ya suruali, akashika barabara. Hakuelekea nyumbani wala nyikani. Alifuata ukingo wa lami kuelekea Hola, mikono mitupu, si haraka, kama mtu anayekwenda dukani. Nikamtazama mpaka lori likapita kati yetu, na lilipopita nikamtazama tena. Ndani ya hema Miraji alikuwa ameshampa kijana wa Mama Kadii lile koti alijaribu, na watu walikuwa wanamwambia limemkaa. Kiti cha Mjomba kilichukuliwa na mtu aliyekuwa amesimama. Tulidhani atarudi jioni. Hiyo ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tatu. Masika ikanyesha, ikaisha, na Mjomba Komora hajarudi.